Mama Lan na Nchi ya Vipande Viwili

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, hasha. Kulitumia jina hilo katika maandishi kunahitaji kibali, kibali kinahitaji fomu namba saba, na fomu namba saba zimekwisha tangu mwaka juzi. Itoshe kusema kwamba iko mashariki ya mbali, kwenye kisiwa kikubwa cha misitu na mvua, na kwamba Mwenyezi Mungu alipogawa mafuta alitukumbuka mapema sana, kabla hajafika kwenye kugawa mambo mengine.

Nchi yetu ni ndogo, na kwa kuwa ni ndogo tumeona heri ziwe mbili. Kuna Kipande Kikubwa, chenye mji mkuu, kasri la vyumba elfu mbili, na hospitali yenye kila mashine. Kuna Kipande Kidogo, chenye miti. Katikati wamekaa jirani zetu, watu wa nchi nyingine kabisa, kilomita kumi na nane za mabonde. Walifikaje hapo katikati? Vitabu vyao vya historia vinasema walishinda vita. Vyetu vinasema tuliwakaribisha. Sisi ni watu wakarimu, kwa hiyo tunaamini vyetu.

Ukitaka kutoka kipande kimoja kwenda kingine kwa gari, unapita vituo vinne vya uhamiaji: unaaga kwetu, unaingia kwao, unaaga kwao, unaingia kwetu. Ukienda kwa boti, boti hupita kwenye maji yao kwa dakika kumi na moja, na dakika kumi na moja ni safari ya kimataifa. Daraja la kuunganisha vipande hivyo limekwisha kuzinduliwa mara tatu. Kujengwa bado.

Serikali yetu ina mawaziri tisa, na wanaelewana vizuri, kwa sababu saba kati yao ni Sultani. Yeye ni Waziri Mkuu, Waziri wa Mambo ya Ndani, wa Nje, wa Usalama, wa Fedha, wa Mafuta na wa Michezo. Wawili waliobaki ni wapwa zake, na kazi yao ni kusikiliza. Raia hawalipi kodi, hawalipi karo, hawamlipi daktari, na kwa shukrani hawaulizi maswali. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa Sultani wetu haujawahi kuwa mtupu.

Lakini si kila aliyezaliwa hapa ni raia. Makabila yanayotambuliwa ni saba. Wa kabila la nane ni wajukuu wa maseremala na wachuuzi waliotoka China enzi za babu wa babu yangu, na hao serikali imewapa Hati ya Kuwapo. Hati hiyo inathibitisha kwamba mwenye nayo alionekana na ofisa, akiwa yupo. Penye mahali pa kuandika uraia pameandikwa: Hakuna. Anayetaka kuwa raia hufanya Mtihani wa Uraia, unaopima kama anazijua mila na desturi za nchi aliyozaliwa.

Mimi naitwa Jamudin, karani wa Kamati ya Mtihani huo. Nina mwaka wa kumi na mbili kazini na sijawahi kupewa onyo.

*

Mama Lan ni mama lishe. Jina lake kamili ni Lim Siew Lan, ana miaka sitini na mitatu, na alizaliwa katika kijiji chetu cha juu ya maji, kile chenye nyumba zilizosimama kwenye nguzo mtoni. Kibanda chake kipo sokoni, nyuma ya ofisi yetu, na chakula chake ni kimoja: sago.

Kwa asiyejua, sago ni unga unaotoka ndani ya shina la mti wa kinamasini unaofanana na mnazi. Unamwagiwa maji yanayochemka, unasongwa kwa mwiko mpaka ung'ae na kunata kama gundi, halafu unaliwa kwa vijiti viwili vya mwanzi vilivyoshikana kichwani. Unazungusha, tonge linajiviringa, unachovya kwenye mchuzi wa ndimu na pilipili, unameza bila kutafuna. Ndicho chakula cha taifa. Kimechorwa kwenye stempu. Ila tangu mafuta yapatikane, wanaojua kukisonga bila mabuje katika mji mzima hawazidi watatu, na wawili kati yao wameshasahau.

Kwa hiyo sago la kasri hutoka kwa Mama Lan. La sherehe za mabalozi hutoka kwa Mama Lan. Na sago linalowekwa mbele ya watahiniwa wa uraia, ili waonyeshe kama wanaijua mila yetu, nalo hutoka kwa Mama Lan, ambaye mtihani huo ulikuwa umemshinda mara sita.

Msije mkadhani alionewa. Mara ya kwanza aliulizwa ataje mboga tatu za mwitu zinazoliwa. Akataja tisa. Kitabu cha Majibu kilikuwa na tatu tu, kwa hiyo sita zilizobaki zilihesabiwa makosa, na mtu mwenye matatu kwa tisa hawezi kuwa raia wa nchi yoyote inayojiheshimu. Mara ya tatu aliulizwa sifa saba za Sultani, akazitaja zote saba, kumbe mwaka ule zilikuwa zimefika nane. Mara zilizofuata aliangushwa na swali la arobaini, na hilo lina historia yake.

*

Miaka kumi na moja iliyopita, siku tatu kabla ya Sikukuu ya Sago, farasi wa Sultani alianguka katika mchezo wa polo. Gazeti liliandika kwamba Sultani alimsindikiza farasi wake mpaka chini. Akateguka kifundo cha mkono wa kulia.

Siku ya sikukuu, mbele ya televisheni, Sultani alishika vijiti vya mwanzi kwa mkono wa kushoto, akala.

Nchi nzima ikanyamaza. Sisi ni Waislamu, tena watu wa adabu. Kwetu mtoto anayekula kwa kushoto hupigwa mwiko kabla hajameza. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliinuka akaigeuza televisheni ikatazama ukuta.

Kesho yake, Datu Metusin, yaani Mheshimiwa Metusin, Mwenyekiti wa Kamati yetu na Mlinzi Mkuu wa Mila, alikula chakula cha mchana kwa kushoto. Naibu wake akamtazama, akahamisha vijiti. Bendera hufuata upepo. Kufika Ijumaa ofisi zote zilikuwa zinakula kwa kushoto, kufika mwisho wa mwezi na shule. Mufti aliulizwa neno. Alisema ana mafua, na mafua yale hayajapona mpaka leo.

Mkono wa Sultani ulipona baada ya wiki tatu. Binamu yangu ni mpishi msaidizi kasrini, na aliyaona haya kwa macho yake. Sultani aliketi kwenye karamu, akanyoosha mkono wa kulia, kisha akatazama kushoto na kulia kwake: mawaziri wote, wageni wote, mkono wa kushoto. Yeye alisomea ng'ambo tangu akiwa na miaka saba. Akaona haya kwamba ameisahau desturi ya watu wake. Taratibu akauficha mkono wa kulia chini ya meza, na hajautoa mezani tena.

Hivyo ndivyo mila yetu ya kale ilivyoanza. Swali la arobaini likaandikwa: Mtahiniwa aonyeshe namna ya kula sago. Alama ishirini.

*

Mwaka jana Mama Lan alijiandikisha kwa mara ya saba, na safari hii alikuwa na sababu.

Alikuwa na mdogo wake, Siew Hoon, aliyeolewa Kipande Kidogo zamani zile Hati ya Kuwapo ilipokuwa inaruhusiwa kuvuka. Sheria ilipobadilika, kila mmoja akabaki alipokuwa. Miaka kumi na saba hawakuonana. Hoon alifiwa na mumewe, hakujaliwa mtoto, na kila Ijumaa baada ya saa nane dada wale waliongea kwa simu, Mama Lan akiwa ameibana kati ya sikio na bega ili mikono ibaki na mwiko.

Sasa figo za Hoon zilikuwa zimechoka. Mashine ya kusafisha damu ipo Kipande Kikubwa peke yake. Raia ana haki ya kumwombea ndugu yake mgonjwa kibali cha kuvuka. Mwenye Hati ya Kuwapo hana haki hiyo, kwa kuwa sheria inasema mtu asiye wa nchi hii hawezi kuwa na ndugu katika nchi hii. Sheria hiyo naijua vizuri. Niliipiga chapa mwenyewe.

Nilimkuta kibandani wiki moja kabla ya mtihani. Nilikuwa nakula kwake kila asubuhi, na naungama kwamba nilikuwa nakula kwa kulia, nimegeukia ukuta.

"Mama," nikamwambia, "mwaka huu tumia wa kushoto."

"Wa kushoto nautumia kila siku, mwanangu. Lakini si mezani."

"Ni alama ishirini, Mama. Yote mengine unayajua kuwashinda wanaokuuliza."

"Jamu, mama yangu alinipiga mwiko kwa jambo hilo nikiwa na miaka minne. Mwiko wenyewe ndio huu." Akauinua niuone. "Leo nizeeke nianze kula kama asiyefunzwa?"

Alisonga kidogo, akaacha.

"Miguu ya Hoon imevimba mpaka viatu havimwingii," akasema. "Daktari wa kule amempa wiki kumi." Akajifuta mikono kwenye kanga ya kiunoni, akakaa mbele yangu. "Haya, nifundishe."

Nikamfundisha. Nilikuwa na miaka kumi ya kula kwa kushoto ofisini na bado nadondosha mchuzi kwenye shati. Yeye alijifunza kwa siku tatu. Siku ya tatu alipoweza, hakufurahi hata kidogo, nami sikufurahi.

*

Siku ya mtihani Datu Metusin alifungua kwa hotuba. Alivaa joho la kijani lenye nyuzi za dhahabu, na cheo chake kilisomwa kwa dakika nne tu, kwa sababu mshereheshaji aliruka mistari miwili.

"Uraia," alisema Datu, "si karatasi! Karatasi hata mbuzi anaweza kuila. Uraia ni kujua! Na asiyejua hawezi kuambiwa, kwa maana akiambiwa atakuwa ameambiwa, hakujua!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, kwani nilikuwa nimeiandika hotuba hiyo na nilitaka kujua ilikuwa na maana gani.

Mama Lan aliulizwa mti wa sago huchukua miaka mingapi kukomaa. Akajibu. Aliulizwa mboga za mwitu, akataja tatu, akafunga mdomo kwa nguvu. Aliulizwa sehemu za nyumba ya juu ya maji, akazitaja kuanzia nguzo mpaka paa, huku Datu akifuatisha kwa kidole kwenye Kitabu cha Majibu na kuuliza kwa kunong'ona boriti ni kitu gani. Sifa za Sultani alitaja tisa, kwa tahadhari.

Kisha bakuli likaletwa. Lilikuwa bado linatoa mvuke; alikuwa amelisonga mwenyewe asubuhi ile.

Alilitazama muda mrefu. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani, akaubana kwa magoti yake mawili, kama mtu anayemzuia mtoto mtukutu. Akashika vijiti kwa kushoto. Akazungusha, akachovya, akameza. Machozi yakamtoka.

"Andika," Datu akaniambia, naye ameguswa kweli. "Mtahiniwa amelizwa na mila. Mwongeze alama mbili."

Alipata tisini na saba. Hakuna mtu wa kabila la nane aliyewahi kupata zaidi ya hamsini. Nilitoka nje ya ofisi nikakaa kwenye ngazi, nikalia kwa furaha, na mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

*

Zilikuwa zimebaki wiki tisa. Kilichotakiwa ni sahihi tano tu, na zote tano ni za Sultani.

Hapo ndipo utaratibu wetu unapopendeza. Mahali pengine mkubwa mwenye vyeo vitano angetia sahihi tano kwa mkupuo mmoja, na nani angejua kama amezisoma karatasi zenyewe? Kwetu kila Waziri humwandikia mwenzake barua, na hupewa siku tisini za kujibu, asije akaonekana anapendelea. Waziri wa Mambo ya Ndani alimwandikia Waziri wa Usalama kumuuliza kama mwombaji ni hatari. Waziri wa Usalama akamwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani kumuuliza kwa nini anauliza.

Nilimwendea Datu, nikamwomba agonge muhuri wa "Haraka".

"Jamudin," akasema kwa upole, "haraka haraka haina baraka. Na muhuri wenyewe hatuna."

"Datu, kuna mgonjwa."

"Mgonjwa ni ndugu wa nani?"

"Wa Mama Lan. Aliyefaulu."

"Mpaka sahihi ya tano itimie, huyo hana ndugu." Alinitazama kwa huruma, akanipa peremende.

Wiki ya sita, Waziri wa Usalama alijibu kwamba barua ya Waziri wa Mambo ya Ndani haikuwa na heshima ya kutosha. Waziri wa Mambo ya Ndani akakataa kuomba radhi. Binamu yangu anasema wiki ile Sultani alikula peke yake, kimya, na alionekana mtu aliyegombana na rafiki wa siku nyingi. Wiki ya nane Waziri wa Nje aliingilia kati kuwapatanisha. Tukaambiwa mazungumzo yanakwenda vizuri.

Nilijaribu kila mlango. Nilibeba faili lile mwenyewe, kutoka ghorofa hadi ghorofa, kwa masjala, kwa katibu, kwa katibu wa katibu. Kila mmoja alinipokea kwa tabasamu, akanipa chai. Sijawahi kunywa chai nyingi vile maishani mwangu.

Siew Hoon alifariki Jumanne ya wiki ya tisa. Jirani yake alipiga simu kibandani. Mama Lan alikuwa katikati ya kusonga. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka simu kando, akaendelea kusonga, kwa sababu sago likiachwa nusu huharibika lote. Lilipoiva akalifunika, ndipo akakaa juu ya ndoo.

"Nilikula kwa kushoto," akasema.

*

Wazazi wao walizikwa kwenye kilima nyuma ya soko, na Mama Lan alitaka mdogo wake alale hapo. Nilijitayarisha kwa fomu ishirini. Nikashangaa kukuta ya kusafirisha maiti ni moja, ukurasa mmoja, na sehemu ya uraia imekatwa kwa mstari. Maiti haina uraia, kwa hiyo hakuna wa kuukataa.

Kwa kuwa Mama Lan hawezi kuvuka, nilikwenda mimi, pamoja na dereva wa gari la hospitali, Mzee Usop. Tulimchukua Hoon asubuhi. Alikuwa mwepesi, na miguu yake walikuwa wameifunga kwa kitambaa cheupe.

Kituo cha kwanza, ofisa wetu aliuliza, "Hati zake?"

"Amefariki," nikasema.

"Pole sana. Piteni."

Kituo cha pili, cha jirani zetu, ofisa alivua kofia. Cha tatu walisimamisha malori ya magogo pande zote mbili ili sisi tutangulie. Njia ambayo Hoon aliingojea miaka kumi na saba tuliimaliza kwa dakika arobaini na mbili. Mzee Usop aliendesha bila kuwasha redio, nami nilikaa nyuma pamoja na jeneza, na niliona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Mama Lan alikuwa anatusubiri kwenye kituo cha nne, amevaa nguo nyeupe za matanga, vidole vya miguu vimegusa mstari wa manjano ambao haruhusiwi kuuvuka.

"Jamu," akaniuliza nilipofungua mlango, "wamemuuliza nini huko njiani?"

"Hawakumuuliza kitu, Mama."

Alitikisa kichwa polepole. "Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa huu," akasema.

Ofisa wa zamu alikuja na daftari. Alikuwa mstaarabu, na alitoa pole kwa sauti ya chini. Kisha akasema mpokeaji wa maiti lazima awe raia, tena awe ndugu.

"Huyu ni dada yake," nikasema. "Wa tumbo moja."

"Ana hati gani?"

"Ya Kuwapo."

"Basi hana ndugu, Bwana Karani. Wewe unaijua sheria kuliko mimi."

"Na kama hakuna mpokeaji?"

"Inabidi arudishwe."

Mama Lan alikuwa anasikia yote. Hakulia, hakuomba. Aliliangalia gari tu.

Kusema uongo kwenye daftari la serikali ni kifungo cha mwaka mmoja, na kwa mtumishi wa serikali ni miaka miwili. Hiyo nayo niliipiga chapa mwenyewe. Nilichukua kalamu. Penye mpokeaji nikaandika jina langu na namba yangu ya uraia. Penye uhusiano na marehemu nikaandika: mtoto.

Ofisa alisoma. Alinitazama mimi, wa kabila la kwanza kati ya yale saba, akalitazama jina la marehemu. Akagonga muhuri, akaenda kuangalia gari lingine lililokuwa halipo.

Mama Lan aliomba aone nilichoandika. Nikampa karatasi. Aliisoma mara mbili, kisha akaikunja vizuri na kuitia kifuani.

"Basi usishike huko miguuni," akaniambia. "Kwetu mtoto ndiye hushika upande wa kichwa."

Nikazunguka upande wa kichwa.